Kebo tai, ndala na udongo wa watoto: nilivyopima nafasi ya shokapu kwenye Roadster

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa. Pakiti ya kebo tai nyeupe (plastiki za kufungia nyaya), zile nyembamba, nimeitoa Gerezani, Kariakoo, kwa shilingi elfu tatu. Udongo wa kuchezea watoto, ule wa rangi rangi, duka la vifaa vya shule, elfu mbili. Ndala ya bluu iliyokwisha kisigino ilikuwa chini ya kitanda, haina bei. Futi ya seremala na rula ya chuma nilikuwa nazo. Jumla yake haifiki hata pesa ya kupiga alaimenti, na imenipa majibu ambayo mafundi wawili wenye gereji zao walishindwa kunipa.

Gari ni Mazda Roadster, toleo la NB, lile lililotengenezwa kati ya 1998 na 2005. Nje ya Japani linaitwa MX-5. Langu ni la injini ya 1.8. Ni gari jepesi, tani moja na kidogo, limekaa chini tangu kiwandani, na kila gurudumu lina amu ya juu na amu ya chini, yaani mikono ya chuma inayolishika. Mwenyewe aliyenitangulia aliona halijakaa chini vya kutosha. Badala ya kununua springi fupi, alimkabidhi fundi grinda, springi za mbele zikakatwa mzunguko mmoja na ushee. Madgadi ikalala juu ya tairi, picha zikapendeza, gari likaingia sokoni. Mimi nikalichukua nikijua limekatwa, kwa sababu na bei nayo ilikuwa imeshuka pamoja na gari.

Tatizo lake lilikuwa mlio. Ukipita rasta za Barabara ya Bagamoyo, au ukishuka tuta lolote kwa mwendo unaozidi wa mwenda kwa miguu, unasikia dafu! moja nzito, na mgongo unaitika. Mlio wa bushi iliyokufa naujua, huo ni mwembamba na unajirudia. Huu ulikuwa wa kitu kilichofika mwisho. Kitu gani sasa? Hapo ndipo ilipo kazi, maana gari lililoshushwa linaweza kugonga kwa namna tatu na zote zikasikika vilevile ukiwa kwenye usukani: shokapu imefika kwenye stopa, raba ya mwisho wa safari yake, au tairi limegusa ndani ya madgadi, au tumbo limesalimiana na lami. Kila moja ina dawa yake. Ukitibu isiyo yake umetupa hela.

Fundi wa kwanza alichuchumaa, akachomeka vidole kati ya tairi na ukingo wa madgadi, akainuka. “Vidole viwili, mkuu. Hapo huna shida, endesha tu.” Wa pili alikuja na vidole vile vile, jibu tofauti: “Kaka, hii inataka shokapu mpya zote nne.” Sina ugomvi na vidole vya mtu, ila vidole vinapima gari lililoegeshwa. Mimi halinigongi likiwa limeegeshwa.

Basi kebo tai. Inafungwa kwenye rodi ya shokapu, ile ya kromu inayoingia na kutoka kwenye silinda. Unaikaza mpaka ikatae kuanguka yenyewe lakini ikubali kusukumwa na kidole gumba, halafu unaishusha ikae juu ya mdomo wa silinda. Gurudumu likipanda, silinda inapanda nalo na kuisukuma tai. Gurudumu likirudi chini, tai inabaki pale ilipofikishwa. Ukisimama unapima umbali kutoka mdomo wa silinda hadi ilipo tai, na hapo umejua shokapu ilizama kiasi gani kupita pale inapokaa gari likiwa limetulia. Si ugunduzi wangu. Baiskeli za milimani huuzwa zikiwa na kipete cha raba kwenye rodi kwa kazi hii hii, na waendesha pikipiki wa mashindano hufunga kebo tai kwenye shokapu ya mbele kabla ya kuingia uwanjani.

Kwenye Roadster kuna usumbufu kidogo. Springi imeizunguka shokapu, kwa hiyo mkono haupiti. Tai unaipenyeza kati ya mizunguko ya springi kwa koleo lenye mdomo mrefu, unaizungusha nyuma ya rodi, unaidaka upande wa pili. Kava la vumbi nalo linafunika rodi yote. Langu upande wa kulia lilikuwa limeshachanika, likanirahisishia. La kushoto nililipandisha juu na kulifunga huko huko na tai nyingine. Ndiyo maana nasisitiza tai nyembamba: kichwa cha tai nene kinakwaruza springi, na kikishakwama, kipimo kimeharibika. Nyeupe kwa sababu humo ndani ni giza, tai nyeusi utaitafuta kwa tochi mpaka uchoke.

Jambo moja ambalo naliandika kwa herufi kubwa kichwani: mkia wa tai usiukate kwa kisu wala wembe ukiwa umegusa rodi. Mkwaruzo mdogo tu kwenye kromu unakula sili, ile raba inayozuia mafuta, kila rodi inapopita, mafuta yanaanza kuvuja, na shokapu ya Roadster mtumba si kitu cha kuokota Ilala kila ukienda. Tumia koleo la kukatia, ukate mbali na rodi. Wakati wa kuitoa vilevile.

Nusu ya jibu niliipata kabla hata ya kuwasha injini. Gari likiwa chini, nimekata usukani mpaka mwisho ili shokapu ya mbele ionekane nyuma ya tairi, niliingiza rula kati ya mdomo wa silinda na sehemu ya chini ya stopa, ile raba inayokaa juu ya rodi kuzuia chuma kisigonge chuma. Milimita 20 upande wa dereva. Upande wa abiria 22. Hiyo ndiyo safari yote iliyobaki kabla ya kugusa raba.

Milimita 20 za shokapu si milimita 20 za gurudumu, na hapa watu wengi wanajipunja hesabu. Shokapu imefungwa katikati ya amu, haikufungwa mwishoni kwenye habu (kitovu cha gurudumu), kwa hiyo gurudumu linatembea zaidi ya shokapu. Uwiano wake nimeupima mwenyewe: gari juu ya stendi, tairi limetolewa, jeki chini ya amu karibu na boljointi, kiungo cha mwisho wa amu. Unapandisha kidogo kidogo huku ukipima vitu viwili, kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madgadi, na urefu wa rodi unaoonekana. Unaacha kabla gari halijaanza kuinuka kutoka kwenye stendi. Kwangu habu ilipopanda milimita 40, rodi ilizama 28. Hiyo ni 0.7. Gawanya 20 kwa 0.7 unapata kama milimita 29 za gurudumu. Yaani kiraka kilichobonyea sentimita tatu, ambacho Dar hatukiiti hata shimo, kinatosha kulipeleka gari kwenye stopa.

(Kwa anayeshangaa kwa nini napima kutoka katikati ya habu badala ya kupima kutoka chini: ukipima kutoka lami, unapima na upepo wa tairi na ukubwa wa tairi. Habu haidanganyi. Na stendi ni stendi. Jeki peke yake usilale chini yake hata kwa sekunde ya kuokota spana.)

Majaribio niliyafanyia kwenye mtaa mmoja wa Mbezi Beach wenye tuta la zege lililojengwa na wakazi wenyewe, refu na kali kuliko la serikali. Spidi 30 kwa saa, nikiwa peke yangu, tangi nusu. Vuka, simama, kata usukani, piga magoti na tochi. Tai ilikuwa imeegemea stopa pande zote mbili. Spidi 20, hivyo hivyo. Nilipofika 10 ndipo ilipobaki nafasi ya kupitisha ncha ya rula. Kijana wa bodaboda aliyekuwa kivulini akasogea: “Kaka, imezingua?” Nikamwonyesha. Akaangalia, akauliza bei ya tai, na kabla sijaondoka akawa ameshaomba moja kwa ajili ya shokapu ya mbele ya Boxer yake. Nimempa mbili.

Kwa hiyo mlio ulikuwa stopa. Shokapu zenyewe, kinyume na utabiri wa fundi wa pili, tatu kati ya nne hazina kosa. Kilichokuwa kinaniumiza mgongo ni grinda ya mtu mwingine.

Nimeisifu tai, sasa niiseme. Kwanza, inakumbuka tukio moja tu, lile baya kuliko yote. Ukiifunga asubuhi na kuisoma jioni, huwezi kujua kama ni rasta za Tegeta au ni lile shimo la kona ya nyumbani. Lazima uirudishe chini kabla ya kila jaribio, na jaribio liwe tuta moja, spidi moja. Pili, ikishagusa stopa imefika mwisho wa elimu yake. Raba inabonyea, kisha inajinyoosha na kuirudisha tai ilipokuwa, kwa hiyo utajua kwamba uligusa, lakini uligusa kwa busu au kwa ngumi haikwambii. Tatu, haioni gurudumu likining'inia. Ukiruka tuta na magurudumu yakashuka mpaka mwisho, tai haina habari. Na kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, tai iliyolegea inapanda yenyewe kwa mtetemo. Nimeiona ikifanya hivyo njia ya kwenda shamba, Kerege, ikanipa kipimo cha ajabu ambacho nilikitupa. Kampuni za mashindano hufunga sensa kwenye kila shokapu na kuchora mwendo wake wote kwa sekunde. Hizo zinajibu lini na kwa nini. Tai inajibu wapi tu. Kwa shilingi thelathini moja moja, sidai zaidi. Nyota nne na nusu.

Ndala ni kwa ajili ya tumbo. Kata vipande vya mraba, bandika kwa gundi ya viatu kwenye krosimemba ya mbele, chuma kinachokatiza chini ya gari, ambayo kwenye Roadster ni miongoni mwa sehemu za chini kabisa, pande zote mbili. Ya kwangu ilikuwa na unene wa milimita 15. Ukiendesha siku kadhaa njia zako za kawaida, unaingia chini kuangalia imelika wapi. Kipande cha kushoto kilikuwa kimechongwa ukingo wa mbele, kimebaki milimita 9. Cha kulia kizima, kina vumbi tu. Maana yake kuna mahali napita mguu wa kushoto unazama zaidi, na nikikumbuka njia zangu naujua ni mfereji upi. Ila uwe mwangalifu na usomaji: ndala inabonyea kabla ya kulika, kwa hiyo mwanya halisi ulikuwa mdogo kuliko hizo 9. Ichukulie kama onyo.

Wanaocheka ndala wakumbuke kwamba Formula 1 wanafanya jambo la ukoo huo huo tangu 1994. Baada ya vifo vya madereva kwenye mbio za Imola mwaka ule, magari yalilazimishwa kubeba ubao chini ya tumbo, unene milimita 10, na ukilika zaidi ya milimita moja gari linaondolewa kwenye matokeo. Michael Schumacher alinyang'anywa ushindi wa Ubelgiji mwaka huo huo kwa sababu ya ubao. Mwaka 2023 kule Austin, Lewis Hamilton na Charles Leclerc waliondolewa kwa sababu hiyo hiyo. Gari la mamilioni ya dola linahukumiwa kwa kipande kilicholika na kifaa cha kupimia unene. Ndala yangu haina aibu yoyote. Nyota nne, na gundi ichague vizuri, ile ya bei rahisi inaachia ukipita kwenye maji.

Udongo wa watoto ndio ulionichosha. Wazo ni zuri: unatengeneza vidonge vinene, unavibandika ndani ya madgadi mahali unapohisi tairi linakaribia, unaendesha, halafu unapima unene uliobaki. Tairi likikaribia linakibonyeza. Unene uliobaki ndio nafasi uliyonayo. Mafundi wa injini hutumia udongo namna hiyo hiyo kupima nafasi kati ya valvu na pistoni, tena wao wanaamini kabisa. Lakini wao wanafanyia ndani ya gereji, injini imepoa. Mimi nilikuwa Dar, saa saba mchana. Udongo uliyeyuka kama siagi ya mandazini, kidonge cha nyuma kikateleza na kuishia kwenye breki, kingine nikakikuta kimejipaka kwenye tairi lote.

Jaribio lililofaa lilikuwa la alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Plastiki ya ndani ya madgadi ilifutwa kwa kitambaa chenye petroli ili udongo ushike, upande unaotazama tairi nikaupaka mafuta ya mgando kidogo ili usinase. Usukani nikaukata mpaka mwisho, nikapanda kingo ya zege kwa gurudumu moja, polepole, kulia kisha kushoto. Vidonge vya juu havikuguswa, ambalo ni jambo jema. Cha nyuma ya madgadi ya mbele, pale tairi linapozunguka likiwa limekatwa, kilibaki milimita 4. Gari lilikuja na rimu pana ambazo si zake na tairi za upana wa milimita 205, kwa hiyo sikushangaa. Za kiwandani za inchi 15 zilikuwa 195/50. Milimita 4 kwa mwendo wa konokono ni sifuri kwa mwendo wa barabarani. Huko ndiko ulikokuwa unatoka ule mkwaruzo mdogo kwenye kona za maegesho, ambao ni kesi tofauti kabisa na dafu.

Kwa hiyo udongo umenipa jibu, lakini kwa manung'uniko. Nyota mbili na nusu. Kwa mtu wa Arusha au Mbeya, kwenye baridi, labda ungepata nne. Unga wa ngano uliokandwa mgumu nao unafanya kazi kwa asubuhi moja, na una faida kwamba ukianguka kuku wanausafisha.

Ipo njia sahihi zaidi ya zote hizi: unatoa springi, unarudisha shokapu tupu, unapandisha habu kwa jeki mpaka stopa ibonyee, huku unazungusha usukani kulia na kushoto na kutazama kila kitu kwa macho. Hakuna kubahatisha humo. Niliifanya upande mmoja siku ya kubadilisha springi, na matokeo ya udongo yakathibitika pale pale. Lakini ni kazi ya siku nzima na vifaa vya kubana springi, ambavyo visivyo imara vinaua mtu. Kama hubadilishi rimu au shokapu, sioni sababu ya kujisumbua.

Springi ambazo hazijakatwa nilizipata kwenye Roadster iliyokuwa inachinjwa Ilala, baada ya subira na simu nyingi. Zilipofungwa, kutoka mdomo wa silinda hadi stopa nikapima milimita 35, yaani kama 50 za gurudumu. Tuta lile lile la Mbezi Beach, spidi 30 ile ile: tai imesimama kwenye 27. Haijagusa. Dafu haipo. Gari limepanda, na kweli, kwa vidole sasa ni vitatu na nusu, jamaa zangu wa magari ya chini wananiambia limekuwa kama la mwalimu mkuu. Sawa tu. Mgongo ni wangu.

Nyuma bado. Shokapu ya nyuma kushoto ndiyo ile ya nne, inavuja, na rodi ikiwa na mafuta tai inateleza haikai, kwa hiyo sina namba ya kuwapa upande huo mpaka nipate nyingine. Ukienda Gerezani kununua tai zako, sema unataka nyeupe za upana wa milimita 2.5, wakikuletea zile nene za kufungia nyaya za nguzo, zirudishe. Na pakiti ni kubwa kuliko mahitaji ya gari moja, mchangie na jirani.